Posta ya Jeshi na Barua za Askari Vitani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu zaidi posta ya jeshi la Uingereza na ile ya Marekani katika vita viwili vikuu vya dunia, kwa sababu kumbukumbu zake ni nyingi na kwa sababu askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa Keya (King's African Rifles), walihudumiwa chini ya mfumo wa Waingereza. Ujerumani, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti zinatajwa pale taratibu zao zilipokuwa na jambo la pekee. Maswali ya mwisho yamewekwa kwa ajili ya wale waliorithi barua za zamani na wangependa kuzielewa.

Posta ya jeshi ni nini, na kwa nini jeshi lisitumie posta ya kawaida?

Posta ya kiraia imejengwa juu ya dhana kwamba mpokeaji ana makao: nyumba, mtaa, au walau sanduku la posta ambalo litakuwa palepale mwezi ujao. Askari aliye vitani hana makao ya namna hiyo. Kikosi chake kinaweza kuhamishwa usiku mmoja bila yeye mwenyewe kuambiwa aendako, na hata kama angeambiwa, haruhusiwi kuandika nyumbani kueleza alipo. Kwa hiyo posta ya jeshi hutenganisha mambo mawili ambayo posta ya kiraia huyaweka pamoja, yaani mtu na mahali. Familia huandika jina la mtu na kikosi chake. Jeshi peke yake ndilo linalojua kikosi hicho kiko wapi leo. Kazi yote inayofuata, ya mifuko, meli, treni na malori, inatokana na utengano huo.

Huduma hii haikuanza na vita vya karne ya 20. Mwaka 1795 Bunge la Uingereza liliwaruhusu askari na mabaharia kutuma barua kwa peni moja tu. Mwaka 1799 mtumishi wa posta aliyeitwa Henry Darlot alifuatana na jeshi la Uingereza hadi Uholanzi ili kusimamia barua zake, na mwaka 1882, kwa ajili ya vita vya Misri, kikaundwa kikosi maalumu cha posta kutokana na watumishi wa posta wa London waliokuwa askari wa kujitolea. Kufikia mwaka 1914 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa kitengo cha posta cha Wahandisi wa Kifalme, na ndicho kilichobeba mzigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa nini anwani ya askari haina jina la mahali?

Kwa sababu bahasha hupita mikononi mwa watu wengi, na adui anayekusanya bahasha mia moja zenye majina ya miji anaweza kuchora ramani ya jeshi zima. Kila nchi ilitafuta njia yake ya kuficha. Wafaransa waligawa jeshi lao katika sekta za posta zenye nambari. Wajerumani, katika Vita vya Pili, walikipa kila kikosi nambari ya tarakimu tano, na nambari hiyo pekee ndiyo iliyoandikwa chini ya jina la askari. Wamarekani walitumia nambari ya ofisi ya posta ya jeshi pamoja na jina la bandari ya nyumbani, New York au San Francisco, hivi kwamba mama aliyeandika kwa mwanawe aliyekuwa Ufaransa aliandika anwani ya New York. Kwa Waingereza ilitosha kutaja nambari ya askari, cheo, jina, kikosi na kifupi cha jeshi la eneo zima, kwa mfano M.E.F. kwa majeshi ya Mashariki ya Kati.

Barua ilisafiri vipi kutoka nyumbani hadi mstari wa mbele?

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza kati ya mwaka 1914 na 1918. Barua zote za askari waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji zilipelekwa kwanza kwenye ghala kubwa la mbao lililojengwa ndani ya bustani ya Regent's Park mjini London, lenye eneo la takriban hekta mbili. Kufikia mwisho wa vita watu wapatao 2,500 walifanya kazi humo, wengi wao wakiwa wanawake, kwa sababu wanaume wa posta walikuwa wamekwenda vitani: watumishi 75,000 hivi wa Posta ya Uingereza walijiunga na jeshi. Barua zilichambuliwa kwa kikosi, na taarifa za kikosi gani kimehama na kiko wapi zilipokelewa kila siku kutoka makao makuu ya jeshi. Taarifa hizo zilikuwa siri kubwa, na bila hizo ghala lote lisingekuwa na maana.

Kutoka London mifuko ilivushwa kwa meli hadi Le Havre, Boulogne au Calais, ikapakiwa kwenye treni hadi kituo cha mwisho cha reli, kisha ikachukuliwa kwa lori hadi mahali ambapo divisheni ilipokea mahitaji yake. Hapo askari wa posta wa kila kikosi alichukua mfuko wake, na usiku ulipoingia barua zilipanda hadi kwenye mahandaki katika gari lilelile lililobeba mkate, nyama na maji. Kwa kawaida barua ilifika baada ya siku mbili hivi. Wakati wa pilikapilika kubwa zaidi, ghala lilipitisha barua milioni 12 na vifurushi milioni moja kwa juma, na kwa vita vyote hesabu inayotolewa ni barua bilioni mbili na vifurushi milioni 114. Ujerumani nayo inahesabiwa kuwa ilisafirisha barua, kadi na vifurushi bilioni 28.7 katika vita hivyohivyo.

Wapo wanaoshangaa kwamba jeshi lililopungukiwa na meli na treni lilitoa nafasi kubwa hivyo kwa makaratasi na soksi. Makamanda walikuwa na hoja yao. Askari aliyekatiwa habari za nyumbani alianza kuwaza mabaya, na mawazo hayo yalienea katika kombania haraka kuliko amri yoyote. Kupakia barua pamoja na posho lilikuwa suala la njia ya usafiri, lakini mimi naona pia kwamba lilionyesha kwa usahihi mahali pa barua katika mahitaji ya mtu aliye handakini.

Je, askari alilipia stempu?

Katika Vita vya Kwanza askari wa Uingereza aliye uwanja wa vita alituma barua bure, na familia ililipa gharama ya kawaida ya ndani ya nchi kumwandikia. Ufaransa, Ujerumani na Umoja wa Kisovieti nazo zilisafirisha barua za kawaida za askari bila malipo. Ndiyo maana bahasha nyingi za vitani hazina stempu kabisa, ila mihuri na saini.

Nani aliyesoma barua za askari, na alitafuta nini?

Msomaji wa kwanza alikuwa afisa wa askari mwenyewe. Katika jeshi la Uingereza, afisa wa chini katika kombania alikaa jioni na rundo la barua za watu wake, akazisoma, akafuta kwa kalamu au kukata kwa mkasi yale yaliyokatazwa, kisha akatia saini kwenye bahasha. Baada yake walikuwapo wakaguzi wa vituo vikubwa vya nyuma, waliofungua sehemu tu ya barua kuhakikisha kwamba kazi imefanywa. Yaliyokatazwa yalifanana katika majeshi mengi: jina la mahali, idadi ya watu na silaha, safari zijazo, hasara ya mapigano, na majina ya meli.

Katazo la majina ya meli halikuwa la kupita kiasi. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imebeba askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi na mabaharia, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, na karibu watu 1,300 walikufa katika muda wa dakika chache. Hakuna anayesema kwamba barua ndiyo iliyoifichua. Hata hivyo tukio hilo linaonyesha uzito wa jambo ambalo mkaguzi alikuwa akililinda alipofuta neno moja katika barua ya kijana aliyetaka tu kumweleza mamake amepanda meli gani.

Kusomwa na afisa anayekuamuru asubuhi ni jambo zito, hasa kwa mtu anayemwandikia mkewe. Kwa sababu hiyo jeshi la Uingereza lilianzisha mwaka 1915 bahasha ya kijani. Askari alitia saini kwamba, kwa heshima yake, ndani mna mambo ya binafsi na ya familia tu, na bahasha hiyo haikufunguliwa na afisa wake, ingawa iliweza kufunguliwa katika kituo cha nyuma na mtu asiyemjua. Zilitolewa kwa uchache, na askari walizithamini sana.

Upande mwingine ilikuwapo kadi iliyochapwa sentensi tayari, kama vile kwamba mimi ni mzima, au kwamba nimelazwa hospitali. Askari alifuta zisizohusika, akaongeza tarehe na saini. Akiongeza neno lolote lingine, kadi iliharibiwa. Ilipita haraka kwa sababu haikuhitaji mkaguzi, na baada ya mapigano makubwa ilikuwa taarifa ya kwanza kufika nyumbani.

Je, askari waliweza kuwakwepa wakaguzi?

Walijaribu, na wakati mwingine walifanikiwa. Kisa kinachojulikana sana ni cha askari wa Kihindi waliopigana Ufaransa kuanzia mwaka 1914. Barua zao zilikaguliwa Boulogne na ofisi iliyoongozwa na Evelyn Howell, ambayo ilitafsiri sehemu za barua hizo na kuzipeleka kwa wakubwa kama taarifa ya hali ya askari. Katika barua hizo walionekana watu wakizungumzia pilipili nyeusi na pilipili nyekundu: nyeusi imekwisha, sasa inatumika nyekundu, nayo si kali kama ile ya kwanza. Wakaguzi walielewa kwamba nyeusi ni askari wa Kihindi na nyekundu ni Waingereza. Waliziachia nyingi zipite, kwa kuwa kuzijua fikra za askari kulikuwa na faida kwao kuliko kuzinyamazisha. Tafsiri hizo zimehifadhiwa, na leo ni miongoni mwa sauti chache tulizo nazo za wakulima wa Punjab waliojikuta katika majira ya baridi ya Ulaya.

Ilikuwaje kwa askari wasiojua kusoma na kuandika, wakiwamo wengi wa Afrika Mashariki?

Swali hili linastahili jibu refu. Katika Vita vya Pili askari wa Afrika Mashariki walipigana Uhabeshi na Somalia, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon (Sri Lanka ya leo), na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikaingia Burma kupitia bonde la Kabaw. Walifuatwa na posta ya jeshi ya Afrika Mashariki, yenye ofisi zake zenye nambari, nao walikuwa mbali na nyumbani kwa miaka bila likizo ya kutosha. Wengi waliingia jeshini bila kujua kusoma. Wapo waliofundishwa humohumo jeshini na kikosi cha elimu, na kwao barua ya kwanza waliyoiandika kwa mkono wao ilikuwa tukio la maisha. Wengine waliendelea kumtegemea mwenzao aliyesoma misheni, wakimwambia maneno naye akiandika, mara nyingi kwa Kiswahili, hata kama mwenye barua na mkewe waliongea Kikamba au Kinandi nyumbani.

Huko nyumbani hapakuwa na tarishi wa kugonga mlango. Barua ilipitia kwa mkuu wa wilaya, kwa chifu, shuleni au misheni, na ikasubiri hapo hadi mtu wa kijiji hicho apite. Kama mama hakujua kusoma, mwalimu au mwanafunzi alimsomea. Tuhesabu basi mikono iliyoishika: rafiki aliyeandika, afisa aliyekagua, mkaguzi mjuzi wa lugha, karani wa wilaya, na kijana aliyesoma kwa sauti barazani. Mume aliyetaka kumuuliza mkewe jambo la ndani alijua kwamba litapita masikioni mwa watu hao wote. Anayezisoma barua hizi leo asiione salamu ndefu kwa majirani na ng'ombe wa fulani kuwa dalili ya mtu asiye na la kusema. Adabu yenyewe ilidai salamu, na juu ya hiyo mwandishi alijua wasikilizaji wake.

Wakuu wa jeshi nao walizisoma kwa sababu zao. Wakaguzi waliandika taarifa za mara kwa mara kuhusu yale yaliyokuwa yakiwasumbua askari wa Kiafrika: uaminifu wa wake walioachwa peke yao, ardhi na mifugo, fedha zilizotumwa na zisizofika, na ahadi za baada ya vita. Wanahistoria wanazitumia taarifa hizo sana. Zinahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa kuwa mteuzi wa dondoo alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyetafuta dalili za kutotii, lakini bila hizo tungebaki na maneno ya maafisa peke yao.

Airgraph na V-mail zilikuwa nini?

Italia ilipoingia vitani mwezi Juni 1940, njia ya meli ya Mediterania ilifungwa, na barua za askari wa Uingereza waliokuwa Misri zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Zilichukua miezi. Ndege zilikuwapo, lakini hazikuweza kubeba uzito wote huo. Jawabu lilikuwa kupiga picha barua. Askari aliandika kwenye fomu moja, fomu ikapigwa picha kwenye filamu nyembamba, filamu ikasafirishwa kwa ndege, na mwisho wa safari kila barua ikachapishwa tena katika karatasi ndogo na kutiwa kwenye bahasha. Huduma hiyo ya Airgraph, iliyoendeshwa kwa msaada wa kampuni ya Kodak, ilianza kati ya Cairo na London mwezi Aprili 1941. Filamu ya barua 1,600 ilikuwa na uzito wa gramu 140 hivi, ilhali barua zenyewe zingefika kilo 23.

Wamarekani waliuchukua mpango huo na kuuita V-mail kuanzia Juni 1942. Barua 150,000 zilizohitaji mifuko 37 na kufikia takriban kilo 1,170 ziliingia katika mfuko mmoja wa kilo 20. Fomu ya asili ilihifadhiwa hadi nakala ithibitishwe kufika, ili ndege ikianguka barua ipigwe picha upya. Usumbufu ulikuwapo: mwandiko mdogo haukusomeka, picha ya mtoto haikuweza kufungwa ndani, na rangi ya midomo ya wachumba waliobusu karatasi ilichafua mitambo.

Katika mwaka huohuo wa 1941 majeshi ya Mashariki ya Kati yalipewa pia karatasi nyepesi ya kukunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, ya kwenda kwa ndege. Watu wazima wa Afrika Mashariki wataikumbuka: ndiyo iliyokuja kuwa erogramu ya buluu ambayo wanafunzi waliosoma ng'ambo waliitumia kuandika nyumbani.

Je, barua ziliwahi kurundikana?

Ndiyo, na mrundikano maarufu zaidi ulikuwa Birmingham, Uingereza, mwanzoni mwa mwaka 1945. Majeshi ya Marekani yalikuwa yamesonga mbele tangu kutua Normandy, vikosi vikivunjwa na kuunganishwa, majeruhi wakihamishwa hospitali hadi hospitali, na barua zikiwakimbiza bila kuwapata. Vifurushi vya Krismasi ya mwaka 1944 vilikuwa bado vimelala maghalani, panya wakila keki zilizokuwa ndani. Kazi hiyo ilipewa Bataliani ya 6888, kikosi cha wanawake 855 wenye asili ya Afrika kilichoongozwa na Meja Charity Adams.

Walifanya kazi kwa zamu tatu, saa 24, katika majengo yasiyo na joto ambayo madirisha yake yalikuwa yamepakwa rangi nyeusi kwa hofu ya ndege za adui. Walitengeneza kadi zipatazo milioni saba za majina ya watu na mahali walipo. Kadi zilihitaji nambari za utambulisho, maana majina hayakutosha: walikuwapo Robert Smith zaidi ya 7,000. Bahasha nyingine zilikuwa na jina la utani ambalo askari aliitwa nyumbani na maneno "Jeshi la Marekani", basi. Kila zamu ilipitisha takriban barua 65,000, na kazi iliyokadiriwa kuchukua miezi sita ikakamilika kwa miezi mitatu. Jumla inayotajwa ni barua na vifurushi milioni 17.

Wanawake hao walikuwa wakilitumikia jeshi lililowabagua kwa rangi, wakilala na kula mbali na wenzao weupe. Kutoka Birmingham walihamia Rouen na kisha Paris. Watatu kati yao walikufa kwa ajali ya gari mwezi Julai 1945 na wamezikwa katika makaburi ya Wamarekani huko Normandy. Waliporudi nyumbani hawakupokelewa kwa shangwe yoyote. Ni mwaka 2022 tu ndipo ilipopitishwa sheria ya kuwapa nishani ya dhahabu ya Bunge la Marekani, wakati karibu wote walikuwa wameshafariki. Kwa kipimo chochote hicho ni kuchelewa kusiko na udhuru.

Barua ilifanywa nini mpokeaji alipokuwa ameuawa?

Ilirudishwa kwa mtumaji, lakini kwa masharti. Jeshi la Uingereza lilikuwa na kanuni kwamba barua isirudishwe kabla taarifa rasmi ya kifo haijafika kwa familia, kwa telegramu kama aliyekufa ni afisa, au kwa fomu iliyotumwa kwa posta kama ni askari wa kawaida. Kanuni hiyo ilivunjika mara kwa mara katika vurugu za vita, na wapo wazazi waliojua kifo cha mtoto wao kwa kuona barua yao wenyewe imerudi na maneno mawili ya penseli juu ya bahasha. Rafiki wa marehemu, afisa wake au kasisi naye aliandika, na barua hizo mara nyingi ziliitangulia serikali.

Kwa wapagazi wa Afrika Mashariki katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, wale wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi), hali ilikuwa tofauti kabisa. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria. Wengi waliandikishwa kwa majina yaliyokosewa au yasiyo na kijiji, na familia zao hazikupata barua, fomu wala mishahara iliyobaki. Posta, hata iwe nzuri kiasi gani, haiwezi kumfikia mtu ambaye daftari halikumjali.

Mateka wa vita waliruhusiwa kuandika?

Waliruhusiwa, na leo ni haki ya kisheria. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unataka kila mateka aruhusiwe kuijulisha familia yake kwa kadi ndani ya wiki moja tangu kufika kambini, na idadi ya barua ikipunguzwa isiwe chini ya barua mbili na kadi nne kwa mwezi, tena bila malipo ya posta. Msingi wake uliwekwa mwaka 1914, Msalaba Mwekundu ulipofungua mjini Geneva ofisi ya kuwatafuta mateka. Ofisi hiyo ilikusanya kadi milioni saba za majina. Katika Vita vya Pili raia waliotenganishwa na mpaka wa adui waliweza kutumia fomu ya Msalaba Mwekundu, isiyozidi maneno 25.

Kwa nini barua za askari wa Kisovieti zimekunjwa pembetatu?

Karatasi ilikuwa adimu na bahasha adimu zaidi. Ukurasa ulikunjwa pembetatu, anwani ikaandikwa nje, na mkaguzi akaufungua, akausoma na kuukunja tena kabla ya kugonga mhuri wake. Haukuhitaji gundi wala stempu.

Posta ilikuwaje katika Afrika Mashariki yenyewe wakati wa Vita vya Kwanza?

Ilikuwa posta ya mseto. Majeshi ya India yaliyoletwa kupigana na Wajerumani yalikuja na ofisi zao za posta na stempu za India zilizogongwa herufi I.E.F., kifupi cha jeshi la India lililotumwa ng'ambo. Vikosi vilivyoingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) vilitumia stempu za Nyasaland zilizogongwa N.F. kuanzia mwaka 1916. Kisiwa cha Mafia, kilichotekwa Januari 1915, kilikuwa na stempu zake zilizogongwa jina la kisiwa.

Upande wa Wajerumani, manowari za Uingereza zilifunga pwani na stempu zikaanza kupungua. Mwaka 1916 zilichapwa stempu za dharura kwenye mtambo wa misheni ya Vuga, Usambara. Hazikupata kutumika kama ilivyokusudiwa. Zilifukiwa ardhini wakati wa kurudi nyuma na kufukuliwa mwaka 1921. Wakusanyaji wa stempu bado wanazitafuta.

Posta ya jeshi ingali ipo katika zama za simu?

Ipo. Uingereza na Marekani bado zinatumia anwani za nambari kwa askari walio ng'ambo, hasa kwa vifurushi, dawa na nyaraka. Uingereza ilianzisha mwaka 2000 huduma ambayo familia iliandika kwa kompyuta, na barua ikachapishwa na kufungwa karibu na kambi ya askari. Tatizo la zamani la mahali halijaondoka, maana simu moja iliyowashwa hufichua kambi kuliko bahasha mia.

Nimerithi barua ya babu kutoka vitani. Nianzie wapi?

Usiitenge barua na bahasha yake, wala usibandue stempu, kwa kuwa habari nyingi ziko nje. Tafuta tarehe kwenye mhuri wa duara, kisha nambari ya ofisi ya posta ya jeshi. Nambari hiyo ikilinganishwa na orodha za wakusanyaji wa historia ya posta inaweza kuonyesha nchi, na wakati mwingine mji, ambao babu hakuruhusiwa kuutaja. Mhuri mwingine, mara nyingi wa pembetatu, pembe sita au ngao, pamoja na saini, ni wa mkaguzi.

Usiipeleke kwenye duka la fotokopi itiwe plastiki, wala usiibandike kwa selotepu: joto na gundi huharibu karatasi bila kurekebishika. Ipige picha pande zote mbili, kisha iweke ndani ya karatasi safi mahali pakavu, mbali na mwanga. Wakazi wa pwani wajihadhari zaidi na unyevu.

Na nikitaka kujua alipigania wapi, au alizikwa wapi?

Kwa waliofariki, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya majina inayoweza kutafutwa kwenye intaneti, ikiwa ni pamoja na majina yaliyoandikwa kwenye Kumbukumbu ya Afrika Mashariki huko Nairobi na ile ya Rangoon. Nyaraka za utawala zinapatikana katika hifadhi za taifa za nchi husika. Kabla ya kuandika maombi yoyote, itazame tena bahasha na unakili nambari ya jeshi iliyo karibu na jina la babu. Itangulize nambari hiyo mbele ya jina, kwa sababu makarani waliandika majina ya askari wetu kila mmoja kwa tahajia yake, ilhali nambari kwa kawaida haikubadilika namna hiyo.